Chokaa ya Kaburi la Ernestine

Jumatatu, 3 Juni
Jumapili tunaondoa matanga ya mke wangu Ernestine. Mwaka mzima sasa tangu afariki! Kaburi lake la matofali limekamilika leo, bado chokaa tu. Jirani Fabrice alimjengea baba yake kaburi, mji mzima wa Kasongo ukasifu. Nikalipima kwa kamba alipokuwa shambani. La Ernestine nimelizidisha mara mbili: urefu, upana na kimo. La Fabrice lilikula ndoo mbili za chokaa. Basi langu ndoo nne. Hesabu ya mtoto mdogo.

Jumanne, 4 Juni
Binti yangu Naomie, aliye sekondari, anasema zitahitajika nane. Eti kila upande umezidi mara mbili kwa urefu, tena mara mbili kwa upana, kwa hiyo upande wangu mmoja ni sawa na pande nne za Fabrice. Nikamjibu kwamba kaburi ni moja, si manne. Akatikisa kichwa. Akitikisa kichwa anafanana na mama yake, inaniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Ndoo nne zimekwisha, nusu ya kaburi bado nyekundu. Sokoni chokaa hakuna. Fabrice akapita, akasema pole. Pole ya nini? Nimepata akili: unga wa muhogo na maji. Nikapaka. Nyeupe pe!

Ijumaa, 7 Juni
Mbuzi wa Fabrice wamelamba kaburi usiku kucha. Unga wote umekwenda. Nimewafukuza, kisha nimekaa chini nikalia. Nilimwahidi Ernestine, siku ile ya mwisho, kwamba hatalala pabaya.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe Albertine amefika kwa pikipiki kutoka Wamaza, vumbi hadi kwenye kope. Alilizunguka kaburi, ikamchukua muda. Alipofika upande mwekundu akaweka kiganja.
"Marcellin," akasema, "mutoto yangu alikuwa mufupi. Hii yote ni ya nini?"
 Nilitaka tu aonekane kutoka barabarani, watu wasimsahau.

Jumatatu, 10 Juni
Wageni wameondoka. Nimeandaa sahani tatu, nikarudisha moja. Nimefikiri sana. Lingekuwa kubwa zaidi, mama mkwe angeelewa. Mwakani nitalijenga upya, mara tatu ya lile la Fabrice. Ndoo sita, basi! Nimemwambia Naomie. Ameingia chumbani, namsikia analia. Nadhani ni furaha.