Somo wa Mzee Sanga na Mfalme wa Wavandali

Jumatatu, 4 Agosti

Mtoto ana wiki tano na hana jina. Makosa ya Dena, mume wangu, na mchezo wake wa kompyuta. Humo yeye ni Genseriki, mfalme wa Wavandali, watu wa kale walioiteka Roma. Leo katangaza kwamba mtoto naye ataitwa Genseriki. Hapa kwetu Muyeye! Mtoto wa kiume wa kwanza ni Sanga, jina la babu yake. Halina mjadala.

Mzee Sanga, babake Dena, kapiga simu kutoka Ganda. Baada ya shikamoo akauliza kama somo yake, mwenye jina lake, hajambo. Nikasema hajambo. Zaidi ya hapo sikuthubutu. Anakuja Jumamosi kumwona.

Mpango: nimeficha kipanya cha kompyuta ndani ya ndoo ya unga. Bila kipanya, mfalme hatembei.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu Charity alikuja kunisongea sima. Nikamwambia akikuta kipanya kwenye unga asijali, ni changu. Yowe lake lilifika barabarani! Unga wote kaumwaga nje. Kuku wa watu wameshiba.

Dena kaokota kipanya, kakipuliza, kanitazama, kacheka. Kimegoma kufanya kazi. Basi akampakata mtoto na kumsomea historia ya Wavandali kwenye simu. Mtoto kalala masaa matatu. Matatu! Nami nililala. Hasara juu ya hasara.

Jumatano, 6 Agosti

Kipanya kimepona. Nimemwambia Dena tushindane: akishinda ni Genseriki, nikishinda ni Sanga. Nikachukua upande wa Roma. Huku nanyonyesha, mkono mmoja. Roma ilianguka kwa dakika kumi na moja. Dena kaniletea chai na mahamri, akaniita Mama Genseriki. Mahamri nimekula. Jina nimekataa.

Ijumaa, 8 Agosti

Silaha ya mwisho: kumchongea Dena kwa babake. Nikampigia Mzee, nikamweleza kwamba mwanawe anataka jina la mfalme mporaji, wa watu waliofukuzwa na Wahuni wakavuka bahari na wake na watoto hadi Afrika.

Mzee akauliza: wahuni gani hao? Nikajibu ndilo kabila lao, Wahuni, si wa kituo cha bodaboda. Akasema watu waliofukuzwa kwao wakahama na watoto mgongoni anawajua, ndivyo nasi tulivyotoka Singwaya, nchi ya mababu zetu. Mfalme wa hivyo si mbaya. Tumwite tupendavyo.

Tumwite tupendavyo! Nimemnunulia Dena ushindi kwa salio langu mwenyewe. Lakini Mzee alikata simu bila kumuulizia somo yake. Hilo limenikaa kifuani tangu mchana.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee kaja na jogoo na madafu manne. Kavaa shati la kanisani. Kanawa mikono mara mbili kabla ya kumpokea mtoto. Halafu, polepole, akamwambia hujambo somo. Akashtuka. Akasema samahani, hujambo... na lile jina likamshinda. Alijaribu mara tatu. Jenze. Jenzere. Akamtazama Dena kama mwanafunzi aliyesahau jibu.

Dena kainama kufunga kamba za viatu. Dena alikuwa amevaa ndala. Aliponyanyuka akasema, Baba, mtoto anaitwa Sanga, huyo mwingine ni wa kompyuta. Mzee akatoa leso, akadai jogoo kamtimulia vumbi. Jogoo alikuwa amefungwa miguu.

Nimelia pia. Uchovu.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Mipango yangu yote imefaulu. Charity anabisha, anasema sikufanya lolote ila kumaliza unga. Wivu.

Sanga kakataa kulala hadi nilipomsomea Wavandali mwenyewe. Nimefika kwa Gelimeri, mfalme wao wa mwisho, aliyenyang'anywa kila kitu. Dena kasikia kutoka chumbani. Kasema hilo ni jina zuri kwa mtoto wa pili.

Kipanya nimekificha tena. Safari hii kwenye mchele.