Diski ya Baba Bella

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023

Siku kubwa! Mama Bella amepita mbele ya studio ya Nsengiyumva bila hata kugeuza shingo, akaingia studioni kwangu. Kwangu! Mtaa mzima wa Kimanga umeona.

Kazi yenyewe: diski moja ya video, ndogo, upana wa kifuniko cha kopo la maziwa, ya kamera za zamani. Ilirekodiwa 2009, siku ya komunyo ya kwanza ya Bella. Ndani yake marehemu Baba Bella anampa binti yake baraka ya harusi. Ilikuwa mzaha, mtoto ana miaka tisa, watu wakacheka. Miaka miwili baadaye mzee akafa. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Jumamosi hii Bella anaolewa, na mama anataka ukumbi mzima wa Rugenge umsikie baba mwenyewe. Niihamishie kwenye diski kubwa, ubora usipotee.

Usipotee? Nimemwambia utaongezeka! Nsengiyumva, aliyekuwa mlangoni pake ametega sikio, akasema kwa sauti kwamba video hainenepeshwi, inanakiliwa ilivyo, basi. Wivu huo. Mama Bella ameniwekea diski mikononi taratibu, machozi yakimlenga. Nimeguswa. Nimeapa mbele ya watu.

Jumanne, tarehe 15

Kompyuta inasema hakuna diski. Ninaiona kwa macho yangu! Nimeisafisha kwa dawa ya meno. Hakuna diski. Nimeipuliza. Hakuna.

Kosa ni la kompyuta. Nikakumbuka redio ya teksi ya Pierre, inayosoma kila kitu, hata diski zilizochakaa. Pierre akauliza kama haka kadogo kataingia. Kameingia vizuri sana. Kameingia kote. Hakakutoka.

Kisha abiria wa Kavimvira wakajaa. Pierre akasema hawezi kushusha watu kwa ajili ya diski, akawasha gari. Nimesimama barabarani nikimtazama Baba Bella akienda mpakani.

Mama Bella amepita jioni kuuliza. Nimemwambia kazi inakwenda. Sikusema inakwenda wapi.

Jumatano, tarehe 16

Émérance, mke wangu, amenifuata Kavimvira bila kualikwa. Tumemkuta Pierre ameegesha karibu na wabadilisha pesa. Nimeishambulia redio kwa bisibisi. Kioo chake kimepasuka, vitufe viwili vimeruka, ndipo Émérance akanisukuma kando. Akatoa kwenye mkoba kibano chake cha nyusi, akaingiza, akavuta. Diski hii hapa, haina hata mkwaruzo! Wabadilisha pesa wamepiga makofi. Nimewainamia kwa heshima.

Pierre anasema redio yake sasa inalia kama mbuzi, anataka nyingine. Mambo madogo. USHINDI!

Alhamisi, tarehe 17

Hakuna diski. Nimejaribu kompyuta nne za watu wanne. Émérance anasema niende kwa Nsengiyumva, kwani ndiye aliyeipiga video ile. Nimemjibu bora nife.

Saa tisa Mama Bella ameniletea ugali na samaki wadogo, ndagala. Amesema tangu Jumatatu analala usingizi mzuri kwa sababu yangu. Nimeweka sahani chini. Nikaenda kwa Nsengiyumva.

Si kwa kushindwa! Kwa mbinu. Nimemwambia ninakusanya kamera za kale kwa ajili ya maonyesho. Hakuinua hata kichwa.

"Weye Libérat, ile diski haikufungwaka."

Akaeleza. Kamera ile ikisharekodi, lazima yenyewe ifunge diski mwishoni. Isipofunga, mashine nyingine zote zinaiona tupu. Na miaka ile wapiga video wa hapa walikuwa hawafungi, kusudi! Familia ikitaka kutazama, irudi kwa mpiga video. Ikitaka nakala, irudi. Mteja hakimbii.

Ila Baba Bella alipokufa, Nsengiyumva alikuwa Bujumbura pamoja na kamera yake. Familia ikakaa matanga yote bila kuuona uso wa mzee. Tangu hapo Mama Bella hamsalimii.

Nimemwita mnyang'anyi. Moyoni nimemsifu. Ujanja ulioje!

Ijumaa, tarehe 18

Kamera ipo! Nsengiyumva bado anayo, imejaa vumbi, betri imekufa. Ikichomekwa ukutani inaandika onyo: umeme ukikatika wakati wa kufunga, diski imekwisha. Umeme wa Kimanga! Tumeunganisha kwenye betri ya sola ya Nsengiyumva. Dakika sita. Yeye ameshika waya, mimi nimeshika pumzi. Dakika ya nne mtaa mzima umezimika, watu wamepiga mayowe, kamera ikaendelea kunguruma.

Kisha huyo Baba Bella, amevaa tai pana, anacheka. Nsengiyumva amegeukia ukuta. Tumenakili ilivyo kwenye diski kubwa. Hakuna kilichopotea, hata kifungo kilichokosekana kwenye shati lake kinaonekana kwamba hakipo.

Amenipa kamera na diski tatu tupu, hataki kuiona tena.

Nyumbani nimetengeneza nakala yangu, iliyoboreshwa: mioyo myekundu inapaa, njiwa, na wimbo mtamu juu ya maneno yote ya mzee. Émérance ametazama bila kunung'unika. Ajabu. Amejitolea hata kutia diski kwenye bahasha.

Jumamosi, tarehe 19

USHINDI MKUBWA!

Ukumbi umejaa. Nimebonyeza. Baba Bella akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa duniani.

"Bella, mutoto wangu, siku utaolewa, kama miye siko, musitafute baraka mbali. Iko hapa. Nimekupa leo."

Kisha Bella akapiga magoti kwenye sakafu na gauni lake lote, mbele ya ukuta ule. Vigelegele vikapasua bati. Nimelia, naandika wazi, nimelia mpaka makamasi.

Mioyo yangu haikuonekana, na wimbo haukusikika. Nimefikiri sana. Bila shaka ubora ukizidi, mapambo huyeyuka ndani ya picha. Émérance anasema ndivyo hasa.

Mama Bella amemuona Nsengiyumva mlangoni, amemvuta mkono, amemketisha meza ya familia. Mimi niliketi karibu na spika. Ndiyo heshima ya fundi.

Sherehe yote nimeipiga kwa kamera ile ya zamani, waya wake ukutani. Diski tatu, zimejaa! Bibi ya Bella, mwenye miaka tisini, ametoa hotuba nzima.

Jumapili, tarehe 20

Pierre amekuja na redio yake inayolia kama mbuzi. Nimempa ile kamera, tumemalizana. Kabla ya saa sita amekwisha kuiuza Kavimvira, kwa msafiri aliyevuka kwenda Burundi na hakuacha jina. Safi. Nilishachoka na takataka ile.

Mama Bella ameuliza kuhusu video ya harusi. Nimemwambia asijali kitu. Diski zote tatu ziko kabatini kwangu, nimezifunika kwa kitambaa cha velveti.

Na sikufunga hata moja. Kusudi! Watarudi kwangu tu.