Karatasi ya Ngazi

Jumatatu, 4 Machi
Maonyesho ya kazi za Mzee ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wakubwa watajaa. Miaka thelathini na moja namchorea msanifu huyu majengo yake ya zege, meupe, bila nakshi hata chembe, mapaa bapa yanayovuja. Mwenyewe husema kosa ni la mvua. Sasa yuko hospitali, mapafu. Ile ngazi ya maktaba inayojizungusha bila nguzo, inayosifiwa kila mahali, ni wazo langu. Lilinijia nikimenya chungwa. Lakini pembeni mwa mchoro kuna visanduku viwili: msanifu, yeye, mchoraji, mimi. Nitavirekebisha.

Jumanne, 5 Machi
Miwani, mchoraji mwenzangu, mtu wa kunusanusa, alitoka kwenda kula. Nikachukua wembe, nikaanza kukwangua jina la Mzee taratibu, kama tufutavyo wino siku zote. Mkono wangu haujawahi kukosea. Leo wembe umezama. Tundu! Kidole kinapita. Nimeificha karatasi nyuma ya kabati. Miwani karudi, akauliza mbona natoka jasho. Nikamwambia ashike lake.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wa Mzee kaniita hospitali. Akasema nije na karatasi ya ngazi. Nimekwenda mikono mitupu. Mzee kakonda, kola ya pajama imemzidi. Kanishika mkono, akasema anataka kulikata jina lake kwenye ile karatasi na kuandika langu, mbele ya mkewe, watu wasije wakabisha. Ameona haya miaka yote hii, alisema. Nilitaka kukiri. Nikasema imepelekwa kutiwa fremu. Mkewe akamletea karatasi tupu, akaikataa. Kwake jina la msanifu huandikwa kwenye mchoro, si kwingine. Akasema basi, kesho. Nimelia njia nzima.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechora ngazi upya tangu alfajiri. Mistari ileile. Wino umekauka saa tisa, nikakimbia nayo. Nimekuta kitanda kimetandikwa. Mkewe amekaa kwenye kiti cha wageni, viatu vya Mzee mapajani. Aliniambia Mzee alikuwa akiniulizia mpaka saa nane. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Nilimpenda yule mzee, na sikuwahi kumwambia.

Jumatano, 13 Machi
Tulimzika Jumapili. Ofisi imepwaya. Simu ikilia nageukia kiti chake. Miwani kaniletea chai, hakuuliza kitu.

Mama mjane kaja asubuhi. Amesema atasimama mwenyewe mbele ya wageni, awaambie kwa kinywa chake kwamba ngazi ni yangu na kwamba mumewe alitaka ijulikane. Nimemshukuru sana, nikamsindikiza hadi barabarani. Lakini maneno ya mdomo yana uzito gani mbele ya wakubwa? Kwa hiyo nimefunga mlango. Barua za zamani za Mzee ziko mbele yangu, najifunza saini yake niitie kwenye mchoro mpya, kando ya jina langu. Karatasi mbili nimezilowesha kwa machozi, nimezitupa. Herufi ya kwanza imekubali. Mkia wa mwisho nitaupata kabla ya Jumamosi.