Deki Yenye Baridi

Jumatatu, 3 Machi 1986
Kanda ya video imefika! Motiben, tajiri wangu wa duka la nguo, ameletewa kwa posta harusi ya mjukuu wake Pushpa, iliyofungwa Uingereza. Miguu haikumruhusu kusafiri. Nakala ni hiyo moja tu. Nikajisikia nikisema nina deki nyumbani, na kwamba mambo ya video nayajua tangu utotoni. Kijijini kwetu Nyeri hata umeme haukuwapo. Jumamosi anakuja kwangu, mtaa wa Muyeye, na kinamama wenzake.

Jioni tumejaribu. Msiba! Bibi harusi ananyanyua mguu, anaurudisha, anaunyanyua tena. Bwana harusi kichwa huku, mwili kule. Mke wangu Jedida akasema labda ndivyo wanavyooana huko.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua deki. Spiriti imekwisha, nikasafisha kichwa chake kwa pamba na manukato ya Jedida. Hanisemeshi. Nikafunga, nikairudishia kitambaa chake, kile cha kufumwa chenye maua, kinachoifunika hadi miguuni. Vumbi la Muyeye halina adabu. Dakika kumi picha safi kabisa. Kisha Pushpa akaanza kurukaruka.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa! Feni. Niliiwasha ikipuliza deki moja kwa moja. Kitambaa kikapeperuka, kikaanguka nyuma ya meza. Saa nzima picha haikutikisika. Feni ni daktari! Jedida akaingia, akakiokota, akaifunika deki akiuliza kama tunaishi sokoni. Baada ya muda mfupi, kurukaruka kukarudi. Ni dhahiri: feni imechoka. Kesho ipumzike.

Alhamisi, 6 Machi
Phineas, fundi redio wa jirani, amechungulia dirishani akauliza kama hiyo ni harusi au watu wanapungwa pepo. Anataka nimwombe msaada. Simwombi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kanda hii imezoea baridi ya Ulaya, na hapa inaugua joto. Nilipolisema hilo nikaliamini. Nikaitia kanda kwenye friji ya soda dukani kwa Kanji. Kanji akaitoa kabla haijapata umande, akaniuliza kwa upole kama nimelala vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Kinamama saba, sari saba, viti vinne. Jedida, kwa heshima ya wageni, ameivika deki kitambaa kipya cha mikunjo miwili. Feni ikiwaelekea wageni. Motiben alikaa mbele kabisa, miwani mkononi.

Pushpa alikuwa anaukaribia moto wa ndoa, ule ambao maharusi wa Kihindi huuzunguka, alipoanza kukatika. Hatua mbele, hatua nyuma. Nikasema umeme wa Malindi. Nikasema nyaya za Uingereza. Phineas, ambaye hakualikwa, akaingia na mfuko wa bisibisi akisema tuliomkataa fundi tuone sasa. Nikamwambia mfuko huo hauvuki mkeka wangu. Tukauvutania mfuko, kila mtu upande wake.

Motiben akainuka kwa shida, akaenda kwenye deki, akashika kitambaa kwa vidole viwili kama anavyopima nguo za dukani.

"Thuku," akasema, "jua lote hili, nani amekwambia chombo hiki kinasikia baridi?"

Akakivua. Akarudi kukaa na kitambaa mapajani. Tukangoja. Picha ikatulia polepole. Pushpa akauzunguka moto mara nne, polepole, bila kujikwaa. Motiben alihesabu kwa sauti. Ya nne hakuimaliza, alikuwa analia. Nami nilikuwa nalia, kwa sababu zangu. Phineas alishusha mfuko wake. Jedida akampa chai, jambo ambalo nimelisamehe.

Jumapili, 9 Machi
Usingizi wa mtoto mchanga! Jana akiaga, Motiben aliniita fundi mbele ya watu. Kanisani nimewaeleza wenzangu siri yote: feni ilikuwa imepumzika siku mbili kamili. Phineas alicheka, lakini wivu una sura nyingi.

Deki nimeirudishia kitambaa kile cha mikunjo miwili, ipoe taratibu. Na feni, kwa kazi iliyofanya, haiwezi kukaa uchi. Jedida ameanza kuifumia kitambaa chake, chenye maua, cha kuifunika hadi miguuni.