Kigari cha Viti Viwili

Jumatatu, 2 Machi 2009

Nesi ameniuliza leo kama hii mikono yangu ni ya mapambo. Mbele ya benchi zima la wagonjwa! Jina lake nimeliandika.

Chanzo: mke wangu, Hortense, alipasuliwa wiki tatu zilizopita kumzaa Olivia. Kidonda hakijafunga. Kila baada ya siku moja anapanda kilima kwenda kliniki kusafishwa. Amekatazwa kuinua chochote kizito kuliko kichanga chake. Lakini yupo Tresor, miezi ishirini, mnene, akitembea hatua kumi anakaa barabarani. Kwa hiyo Hortense amekuwa akipanda na Olivia kifuani na Tresor mgongoni. Leo bandeji ilitoka na damu mbichi. Nesi anasema kidonda kikifumuka kwa ndani, tutampoteza.

Bodaboda? Imekatazwa. Mashimo. Mimi nibaki na watoto nyumbani? Na nyaraka zangu kwa serikali ataandika nani?

Kumbeba Tresor mwenyewe? Swali la watu wasiosoma! Baba akimbeba mwanawe leo, kesho serikali itasema njia za waenda kwa miguu ni za nini, akina baba si wapo. Nimeandika nyaraka tatu kuhusu njia hizo. Siwezi kuzisaliti kwa mgongo wangu mwenyewe.

Uamuzi: kigari cha watoto, cha viti viwili. Nitakichagua mimi, kwa hoja.

Jumanne, 3 Machi

Duka la mitumba la Zubaida, hapa hapa Old Kampala. Vigari viwili vya kufaa. Cha kwanza kipana, cha buluu, viti vimekaa ubavu kwa ubavu. Cha pili chembamba, kiti kimoja mbele, kingine nyuma.

Zubaida akauliza nitakisukumia wapi. Akauliza upana wa mlango wangu. Akaniambia nirudi na mama watoto ashike mpini, maana anayesukuma ndiye wa kuchagua. Nilimweleza kwamba kigari cha mbele na nyuma ni picha kamili ya udikteta: raia mmoja anaona dunia, mwenzake anaona kisogo. Akasema sawa mzee, lakini hicho cha udikteta ndicho kinachopita mlangoni.

Wafanyabiashara hawana falsafa. Nimechukua cha ubavu kwa ubavu. Usawa!

Jumatano, 4 Machi

Usawa hauingii nyumbani.

Tunaishi uani, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Njia ni moja tu, ujia mwembamba kati ya kuta mbili. Kigari kiliingia nusu, kikakwama. Wapangaji kumi na wawili walizuiwa, huku na huku. Nikiwa bado nawaeleza kosa la mjenzi, Hortense alipanda juu ya kigari akavuka, Olivia kifuani, Tresor mgongoni, kwenda kusafishwa. Nilimwambia asubiri, nakaribia kufikia hitimisho. Hakusubiri. Alirudi uso umekuwa wa kijivu.

Kigari kilikwamuliwa na Sajenti Okot, polisi, jirani yetu, mtu wa Gulu. Hakuombwa! Alikinyanyua kwa mkono mmoja. "Mwalimu," akasema, "hii gari yako inaomba uwanja ya ndege." Wapangaji walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Nilimsahihisha: uwanja wa ndege. Wakacheka zaidi, sijui kwa nini.

Alhamisi, 5 Machi

Nimebadilisha. Zubaida alinitolea tu kile chembamba, na kilikuwa kimekwisha kufutwa vumbi. Dharau ya hali ya juu.

Kinapita ujiani. Ushindi!

Hortense alikitazama, akauliza, na ngazi je? Kutoka ujiani hadi barabarani ni ngazi kumi na tisa. Nikamwambia ngazi ni jambo dogo, linahitaji watu wawili tu. Akauliza wa pili ni nani. Wanawake wa kwao Bukavu wana maswali mafupi.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya kusafishwa. Tulitoka na kigari, mtaa mzima ukiangalia. Kwenye ngazi nilishika mbele, juu. Hortense akashika nyuma, chini. Kwa hesabu yangu aliinua nusu tu ya mzigo. Kwenye ngazi ya saba alisimama, akalaza paji la uso kwenye mpini. Nilidhani anasali. Nikaheshimu.

Barabarani magurudumu yalizama kwenye kokoto. Ni madogo kama vifuniko vya birika! Hortense alisukuma. Mimi nilitangulia na daftari, nikiandika mashimo. Arobaini na moja, kabla hata ya kona.

Okot alitukuta akitoka zamu. Alimchomoa Tresor kigarini akamweka mabegani, bila hata salamu. Nilimwagiza amrudishe. Nikamweleza msimamo wangu, na wajibu wa serikali. Alisikiliza kidogo. "Mwalimu, serikali iko mbali. Mutoto iko hapa." Nikasema: mtoto yuko. Alimwangalia Hortense muda mrefu, kisha akamrudisha mtoto. Tresor alilia mpaka juu ya kilima.

Nesi alifungua bandeji, akaongeza vidonge, akasema homa ikija tu, hospitali kuu, hapo hapo. Mimi hakuniuliza kitu. Nahisi hoja zangu zimeanza kumwingia.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Nimeiadhimisha kwa waraka mpya, "Mama na Gurudumu". Kurasa sita! Hortense yuko kitandani tangu jana, anatetemeka, kwa hiyo nilipata msikilizaji. Nilimwambia homa ni ya mvua. Katikati ya ukurasa wa tatu akaomba maji. Nikamsihi asubiri mwisho wa aya. Aya ilikuwa ndefu.

Akullo, mke wa Okot, aliingia na kikombe bila hodi. Akamnywesha, akafunua shuka, akatoka akimwita mumewe kwa Kiacholi. Aliniambia kidonda kinanuka, akauliza kama mimi sina pua. Nikamtajia mtaro wa uani.

Okot alimchukua Hortense mikononi, akapanda ngazi zote bila kupumzika, hadi kwenye gari la jirani. Nilimwomba asimame kwanza tujadili kigari, maana kiti cha mbele kinang'oka. Hakusimama. Hortense hakugeuka.

Watoto wako kwa Akullo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwenda hospitali na kigari, ili Hortense akiruhusiwa leo, asipate shida ya kuwachukua watoto. Kilikuwa kitupu. Hapo sikufikiri vizuri.

Getini wanawake waliokaa kwenye nyasi walisimama. Mmoja alinishika bega, pole mzee, Mungu ndiye alitoa. Mwingine akaanza kulia kwa sauti. Askari akavua kofia. Nilieleza kwamba watoto wangu wote wawili ni wazima, kigari kiko kwenye majaribio tu. Yule aliyekuwa akilia akajifuta macho, akauliza, sasa mama yao ndiye amelazwa? Nikasema ndiyo. Akaanza kulia tena.

Hortense alipasuliwa mara ya pili jana jioni. Sikuruhusiwa kumwona. Kigari pia hakikuruhusiwa.

Jumatano, 11 Machi

Shemeji yangu Darlène, anayeuza samaki soko la Ggaba, amefika wodini na kanga mbili na maneno machache. Watoto amekwisha kuwachukua. Dada yake akitoka hospitali atakwenda kukaa kwake. Nikauliza kwa muda gani. "Shemeji," akasema, "usiniulize mimi." Nilimtazama Hortense. Alikuwa anatazama ukuta.

Daktari aliniita pembeni. Usaha ulikuwa umefika kwenye mfuko wa uzazi; iliwabidi kuutoa wote. Ataishi. Hatazaa tena. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, nikamshukuru.

Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Daftari lilikuwa mapajani, sikulifungua. Watu walipita, nikawapisha miguu.

Halafu nikaona. Kama hatazaa tena, basi viti viwili vinatosha milele. Swali la idadi limefungwa, na limefungwa kisayansi. Limebaki la magurudumu tu.