Miti Iliyoota Bila Mgeni wa Heshima

Elijah K. Kimaiyo,
Katibu, Kamati ya Sherehe za Kupanda Miti,
Moi's Bridge.
Aprili 1989

Kwa Bwana Ofisa wa Misitu,
Kitale.

KUH: MITI INAYOOTA OVYO KATIKA KORONGO LA SHEMEJI YANGU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima ofisini, umezungukwa na miche iliyonyooka. Mimi si mzima sana. Nimeudhika, na nitaeleza kwa utaratibu ili usidhani ni wivu.

Mimi ndiye katibu wa kamati ambayo kila Aprili, mvua ikikaribia, hupanda mti mbele ya kambi ya chifu wetu. Shimo tunalo. Limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ni shimo lile lile tangu kamati iundwe, kwa sababu shimo zuri halitupwi. Mgeni wa heshima hufika, hushika jembe la sherehe lenye utepe kwenye mpini, hupanda, hupigiwa makofi, hutuhutubia juu ya jangwa linalotambaa kutoka Turkana, kisha tunakula. Mbuzi wa kambini nao hula, ila wao hungoja tuondoke. Mwaka unaofuata shimo liko wazi, linatusubiri. Sijui kama kuna kamati nyingine wilayani yenye mpango kama huo.

Sasa sikia yanayotendeka ng'ambo ya barabara, kwa shemeji yangu Jepkosgei, mjane wa marehemu ndugu yangu Kiplimo. Shambani kwake kuna korongo. Zamani ilikuwa njia tu ya ng'ombe kushukia mtoni. Mvua zikaichimba mpaka ikawa inameza mahindi, na mwishowe ikaanza kusogelea kaburi la ndugu yangu. Kamati ilimwahidi mama huyu kwamba jambo hilo litajadiliwa. Badala ya kungoja, alikata matawi ya miiba, akaziba pale juu ng'ombe wanapoingilia, kisha akaenda zake kupalilia. Miaka imepita, na hakufanya kingine chochote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Miti imeota. Sisemi imepandwa, nasema imeota. Kuna mikuyu, kuna migunga, kuna elgon tiki, na mingine ambayo hata jina sijui, wala sioni aibu kutoijua kwa kuwa haikuletwa kwetu rasmi. Hakuna hata mmoja uliohutubiwa. Nilipomwuliza shemeji ni nani aliyempa miche, alinijibu bila hata kuacha kupepeta maharagwe: "Shemeji, mimi sikupanda kitu bana. Mimi nilifunga mlango ya ng'ombe tu." Bwana Ofisa, hayo ni majibu ya kumpa katibu?

2. Haina mistari. Mmoja umesimama huku peke yake, mitatu imekumbatiana kule, mwingine umelala ubavu na bado unatoa majani, bila haya. Mti wetu wa mwaka jana tuliupanda kwa kupima na kamba. Ulikufa, nakubali, lakini ulikufa ukiwa wima. Tulipoung'oa tulikuta bado umo ndani ya mfuko wake wa plastiki, maana mgeni alikuwa amevaa suti na hatukutaka udongo umwagike kwenye viatu vyake. Mizizi ilikaa ndani ya mfuko kwa adabu, haikutoka. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoizungumzia.

3. Ndege. Kware wanalala humo, kwarara wanapiga kelele alfajiri kana kwamba wameajiriwa, na nyuki wamehamia bila kuonyeshwa mzinga. Naambiwa ndege hao ndio wanaoleta mbegu, na wanazipanda kwa njia ambayo siwezi kuieleza katika barua ya serikali. Sisi tunaagiza miche iliyohesabiwa na kupigwa muhuri, halafu kware anatushinda kwa njia hiyo!

4. Magugu. Akina mama wanaingia kwa zamu, wanakata nyasi za kuezekea, wanachuma mnavu, wanachimba mizizi ya kutibu kifua. Shangazi yetu alitoka Bokoli kuja kutusalimu, akarudi na mzigo wa majani mkubwa kuliko aliotuletea wa ndizi. Hata mke wangu Peris huenda huko. Aliniwekea mnavu huo mezani, nami nikala, lakini nilikula kwa kupinga.

5. Hili ndilo lililonifikisha kwenye kalamu. Mwezi uliopita wataalamu wa mambo ya mimea walipita hapa wakitoka Bungoma kuelekea Kitale. Tulikuwa tumeyapaka mawe chokaa upya. Watoto wa shule walikuwa na wimbo. Gari lilipunguza mwendo mbele ya shimo letu, mwenyekiti wetu Bwana Nderitu akavua kofia, na wageni wakateremsha kioo wakauliza njia ya kwenda kwa Jepkosgei. Walikaa kule mpaka jioni wakiwa wamepiga magoti kwenye matope, wakitazama nyasi. Watu wasomi, Mheshimiwa! Mmoja alisema vitu vilivyomo katika korongo lile havionekani tena kutoka hapa mpaka Misikhu. Bwana Nderitu alimjibu kwamba hata shimo kama letu halionekani, lakini gari lilikuwa limeshaondoka.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Korongo lifyekwe lote kabla ya sherehe ya Jumamosi hii, na takataka zichomwe. Baada ya hapo mgeni wa heshima apande miche ya blugamu humo kwa mistari, na mifuko itolewe ikiwa muda utaruhusu. Ndege waelekezwe kwenye msitu wa serikali huko mlimani, ambako wametengewa nafasi. Kuanzia sasa mti wowote unaotaka kuota katika lokesheni hii ungoje tangazo. Na shemeji aitwe mbele ya baraza, aeleze ni kwa nini hakufanya kitu na kikafaulu.

Chifu ameshaandaa vijana wenye panga. Wanangoja sahihi yako tu. Kuhusu kaburi la ndugu yangu usiwe na wasiwasi, kamati italijadili.

Wasalimie makarani wote, na yule mzee wa langoni, na wa nyumbani kwako pia. Bwana Nderitu na wanakamati wanakusalimu. Nabaki wako katika kunyoosha miti,

E. K. Kimaiyo

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha jana mchana mvua ilipoanza, ile ya mawe. Ilipozidi nikamkumbuka Kiplimo, nikatoka mbio. Nilijua maji yamemfikia.

Barabarani niliangalia shimo letu, halipo. Maji ya kambini yamelijaza tope na kuondoka na yale mawe meupe yote. Nilipofika kwa shemeji nilimkuta chini ya mkuyu, amejifunika gunia. Korongoni maji yalikuwa yanashuka polepole katikati ya nyasi, safi kabisa, hata majani ya chini yanaonekana. Kaburi lilikuwa mahali pake, na udongo wake wote. Nililia, Bwana Ofisa. Tangu tumzike ndugu yangu nimekuwa nikiyaogopa maji yale, na nilichokuwa nimemwandalia ni mikutano. Shemeji hakunicheka. Aliniambia tu, "Si uingie hapa, shemeji. Huko unanyeshewa." Nikaingia chini ya mti ambao haujafunguliwa rasmi na mtu yeyote.

Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa chifu amekwisha kukuambia inakuja, nami sitaki usikie maneno yangu kwake badala ya kwangu. Lakini nakuomba, usitie sahihi. Vijana wakija Jumamosi watatukuta mimi na Peris tumesimama pale juu ng'ombe wanapoingilia. Mgeni wa heshima naye aje, hatutamrudisha. Jembe la utepe aliache kambini. Miiba ya upande mmoja imeoza na mvua, na nimemkatia mgeni tawi lake jipya la kuzibia. Hatapanda kitu. Atafunga mlango wa ng'ombe tu.