Kubana Matumizi ya Kope

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Mzee Wino, msahihishaji mkuu wa kiwanda chetu cha uchapaji, anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake chenye mto kinagombewa na watu wawili tu: mimi, na mwanamama wa meza ya pili tunayemwita Nukta. Meneja kasema atatupima Ijumaa ya tarehe 21. Miaka tisa nimekalia stuli. Safari hii sikubali.

Nimepiga hesabu. Mtu hupepesa macho mara kumi na tano kwa dakika, na kila mara haoni kitu! Kwa siku nzima huo ni usingizi wa waziwazi ofisini. Kuanzia kesho sipepesi ila kwa dharura.

Jumanne, 4 Machi

Kurasa sitini na mbili! Nukta, thelathini na nane. Yeye kila baada ya kurasa chache hugeukia dirishani kama anayengoja mgeni, akapepesa wee, ndipo arudi kazini. Mvivu wa kutupwa. Mimi nimegeuza feni inipulize usoni nisisinzie. Macho yanachoma kidogo, kama yameingia mchanga. Si kitu. Mchumia juani hulia kivulini.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka macho mekundu. Kufika mezani, machozi chururu! Karatasi zimelowa. Meneja akapita, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa. Nikainamisha kichwa. Akauliza ni nani. Sijui ilikuwaje, neno likanitoka lenyewe: mjomba.

Lo! Ofisi nzima ikaja kunipa pole. Nukta kaniletea chai na kunishika bega. Meneja katangaza kwamba mtu anayekuja kazini na msiba wake ndiye wa kupewa madaraka. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea. Na hapa hata hajafa mtu!

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba kaja ofisini.

Mzima, kitambi mbele, mwavuli kwapani, anauliza kadi za harusi ya binti yake zimefikia wapi. Alipojitambulisha, msichana wa mapokezi akapiga yowe. Mimi nikawahi kusema huyu ni mjomba mwingine. Mjomba, ambaye hajui kunong'ona, akasema mama yangu ana kaka mmoja tu chini ya jua, naye ni yeye. Alipoelezwa kisa chenyewe, akaniuliza mbele ya watu wote kama sanda nimeshamnunulia.

Majuto hayakwisha hapo. Nukta kaikamata kalenda niliyoipitisha jana. Agosti ina Jumanne mbili kila wiki na haina Jumatano hata moja! Bahati ilikuwa haijaingia mtamboni. Meneja hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema kesho niende kwa daktari wa macho, na nisipokuwa sawa ifikapo tarehe 21, nihamie kufunga vifurushi. Vifurushi! Mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Daktari, mama mpole mwenye kurunzi ndogo, kasema macho yangu ni makavu. Nikacheka. Makavu vipi, na hii leso ya tatu imelowa? Akanieleza kwa subira. Jicho likikauka huwaka, na mwili kwa kuhamaki hulimwagia maji. Lakini maji matupu hayakai. Machozi ya kazi yana mafuta, mafuta yanatoka kwenye kingo za kope, na kule kupepesa ndiko kunakoyakamua na kuyasambaza. Kisha akaniuliza kama huwa napepesa vya kutosha.

Nikamweleza mpango wangu. Akazima kurunzi. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie mwenyewe.

Basi nimepewa amri. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya macho, dakika kumi, asubuhi na jioni. Matone aliyoniandikia, nisije nikanunua yale ya kuondoa wekundu. Feni nisiielekeze usoni. Kila dakika ishirini nitazame mbali, nipepese mpaka kope zikutane. Nikiona ukungu au maumivu makali, nirudi mbio. Sijaamini hata moja, lakini vifurushi navyo sivitaki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala chali na kitambaa usoni. Watoto wanapita wakinyata, wanadhani nimeadhibiwa. Mke wangu kasema miaka kumi na miwili ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza ananiona nimetulia bila kupanga kitu. Kwa kweli nilikuwa napanga, ila nilimwacha afurahi.

Ofisini nimemshukuru Nukta kwa kalenda, maana bila yeye ningeaibika mji mzima. Kumbe naye ana macho makavu, mwaka wa saba huu! Kule dirishani anafuata dawa. Kasema angeniambia zamani, ila sijawahi kumuuliza lolote. Nimeona haya. Kanionyesha pa kutazama: tangi la maji juu ya jengo la mbele. Tazama, pepesa taratibu, rudi. Sasa tunatazama pamoja, na Mzee Wino anatuuliza kuna nini huko.

Jumatatu, 17 Machi

Mchanga umepungua! Leo leso imebaki mfukoni, kavu. Herufi zimetulia mahali pake.

Ijumaa, 21 Machi

Mtihani. Kurasa ishirini kwa muda wa saa tatu. Katikati shetani akaninong'oneza nibane kope kidogo tu, nimpite Nukta. Macho yakachoma papo hapo. Nikalitazama tangi.

Nimekamata makosa thelathini na moja. Nukta, thelathini na matatu. Kiti ni chake. Moyo ukanishuka mpaka kwenye soksi. Ndipo Nukta akamwambia meneja kwamba anahitaji msaidizi, na asipewe mwingine ila mimi. Nimelia mbele ya watu, na safari hii yalikuwa machozi halali yenye mafuta yake.

Jumatatu, 24 Machi

Msaidizi wa msahihishaji mkuu! Kiti kina mgongo. Macho maangavu, nyumbani amani, mjomba kanisamehe na kunialika harusini. Kila kitu kinaninyookea.

Sasa, nimefanya uchunguzi mdogo. Naenda chooni mara tano kwa siku, dakika sita kila safari. Nusu saa nzima inamwagika! Chanzo ni maji ya kunywa. Kuanzia leo sinywi tone mpaka jioni. Nukta sijamwambia, nataka nimshangaze.

Sasa ni saa saba mchana. Kichwa kinagonga na midomo imeanza kupasuka. Mpango unafanya kazi.